Kuijua Dodoma mtaa kwa mtaa: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: watumishi waliohamishiwa makao makuu, wanafunzi wa vyuo, na wageni waliokuja kwa shughuli ya siku mbili wakajikuta na Jumamosi nzima haina kazi. Kila swali limepewa namba, ili pale jibu linapohitaji jingine nikuelekeze badala ya kurudia.

## Mji umekaaje

1. Dodoma ni kubwa kiasi gani? Mbona wengine wanasema unaimaliza kwa mguu?

Inategemea unazungumzia Dodoma ipi. Katikati ya mji, kuanzia stesheni ya zamani ya reli, Nyerere Square, mtaa wa One Way hadi soko la Majengo, unapazunguka kwa mguu asubuhi moja na bado ukapata muda wa chai. Lakini Jiji la Dodoma lina kata 41, na ndani ya kata hizo mna mashamba ya zabibu na mtama, mabwawa, milima ya mawe na mapori ya miiba. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179, nao wametawanyika. Unaweza kupanda daladala, ukaacha nyumba nyuma, ukapita eneo tupu lenye vigingi vya mipaka ya viwanja, kisha ukaingia kama mji mwingine kabisa.

Sababu ni jinsi mji ulivyopangwa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango kabambe wa kwanza, wa 1976, ulitaka mji wa jumuiya za makazi zinazojitosheleza, kila moja na shule yake, soko lake na zahanati yake, zikitenganishwa na maeneo ya wazi. CDA ilivunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, lakini mchoro wa zamani bado unauona ukitembea.

Kabla ya michoro yote hiyo palikuwa na reli, iliyofika hapa mwaka 1910 wakati wa Wajerumani. Na kabla ya reli palikuwa na Wagogo. Ntyuka, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, Nala na Zuzu vilikuwa vijiji vyenye watu, mifugo na makaburi ya mababu muda mrefu kabla mpima ardhi hajafika. Mgeni asiyelijua hili huiona Dodoma kama ofisi kubwa iliyojengwa jangwani, na akiishaiona hivyo hutembea mwaka mzima bila kuuona mji wenyewe.

2. Nikiambiwa jina la mtaa, nitajuaje uko upande gani?

Shika barabara nne. Barabara ya Dar es Salaam inaelekea mashariki: Bunge, Kisasa, Nanenane na Nzuguni, Ihumwa, Mtumba. Barabara ya Arusha inaelekea kaskazini: Miyuji, Msalato, Veyula, Makutupora. Barabara ya Singida inaelekea magharibi: Kizota, Nala, mpaka unatokea Bahi. Barabara ya Iringa inaelekea kusini: Mkonze, Matumbulu, Mpunguzi. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 imechorwa kuzikata zote nne, kupitia Ihumwa, Matumbulu, Nala na Veyula, ndiyo maana majina hayo manne unayasikia sana midomoni mwa madalali wa viwanja.

Ukimuuliza mtu wa hapa mtaa fulani uko wapi, atakujibu kwa barabara kwanza: “Iko njia ya Arusha.” Na wewe uliza hivyohivyo.

3. Nimeambiwa nije Chamwino. Kondakta ananiuliza Chamwino ipi. Ziko ngapi?

Ziko mbili, na kuzichanganya kunakula nusu siku. Chamwino ya kwanza ni kata ya mjini, jirani na Chang'ombe, mtaa wa makazi ya kawaida. Ya pili ni Chamwino Ikulu, katika Wilaya ya Chamwino, kilomita zipatazo 30 mashariki kwa barabara ya Dar es Salaam. Huko ndiko iliko Ikulu iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Ukialikwa msiba, harusi au kikao, uliza mapema: “Ya mjini au ya Ikulu?”

Majina mengine nayo yana mapacha. Chinangali ni bustani ya mapumziko ndani ya jiji, na ni kijiji chenye mashamba ya zabibu wilayani Chamwino. Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu ni kata mbili tofauti. Kikuyu nayo iko Kaskazini na Kusini.

4. Nikishuka kwenye basi au treni, nafikaje mjini?

Mabasi ya mikoani yanaishia stendi kuu ya Nanenane, kata ya Nzuguni, ambayo haiko katikati ya mji. Nje ya stendi daladala za mjini hazikosekani, na bajaji zipo muda wote. Kama mwenyeji wako anaishi Kisasa, Ilazo au Ipagala, usiende mjini kwanza, utakuwa umempita. Mpigie ukiwa bado Ihumwa akwambie ushukie wapi.

Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Usiichanganye stesheni yake na ile ya zamani ya reli ya kati iliyoko mjini kabisa. Dereva akikuuliza “stesheni ipi,” ana haki ya kuuliza.

Ukishafika mjini, vituo viwili vya daladala vinatosha kukupeleka karibu kila mahali: Jamatini na Sabasaba. Soma kibao cha mbele, na hata hivyo umuulize kondakta, maana daladala mbili za njia moja zinaweza kuishia vituo tofauti.

## Mitaa ya zamani

5. Katikati ya mji kuna nini cha kuona?

Kuna historia ya miaka zaidi ya 100 iliyobanana mahali padogo. Anzia stesheni ya zamani. Miji mingi ya njia hii ya reli ilizaliwa hivi: stesheni, kisha maduka ya Wahindi mbele yake, kisha nyumba za Waafrika nyuma ya maduka, na Wazungu wamejitenga kwenye nafasi na kivuli. Dodoma bado ina mitaa inayoitwa Uhindini na Uzunguni, na ukitembea unaona kwa macho ukoloni ulivyogawa ardhi. Uhindini kuna maduka yaliyogusana kuta, ghorofa moja juu, roshani nyembamba. Uzunguni viwanja ni vikubwa, nyumba zimekaa ndani, miti ni ya zamani.

Nyerere Square ndipo watu hupumzika jioni. Kutoka hapo unaweza kuyafikia makao makuu ya CCM, kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, na Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini. Uwanja wa Jamhuri, nyumbani kwa Dodoma Jiji, nao uko mjini. Siku ya mechi na Simba au Yanga, usipange kupita maeneo hayo kwa gari.

6. Majengo ni soko tu, au kuna kingine?

Soko ndilo roho yake, lakini Majengo ni mtaa kamili, wa nyumba za ua wa ndani zinazokaa familia kadhaa, wajukuu wa watu waliokuja na reli, Waswahili wa mjini kwa maana yote. Kama una saa mbili tu Dodoma, zitumie hapa.

Ingia sokoni asubuhi kabla ya saa tatu. Upande wa mboga utakutana na mlenda wa aina zaidi ya mgeni anavyodhani: mbichi uliofungwa mafungu, uliokaushwa ukabaki majani, na uliosagwa ukawa unga wa kijani unaopimwa kwa kikombe. Muuzaji hachoki kueleza. “Huu mwanangu ni wa porini, unapika na karanga. Ule usiutie nyanya, utauharibu.” Kisha atakuuliza unakula na ugali gani. Ukijibu wa mahindi atatabasamu na kukuonyesha unga wa uwele na wa mtama. Mnunulie hata kikombe kimoja, maana somo lenyewe amekupa bure. Pembeni kuna ubuyu, karanga, mafuta ya alizeti na asali, na zabibu zikiwa kwenye msimu (tazama swali la 17).

Wauzaji wengi ni Warangi kutoka Kondoa, Wagogo wa vijiji vya jirani, na watu wa Singida, kwa hiyo masikio nayo yatapata chake.

Sabasaba ni soko jingine, la kelele zaidi, la nguo na kila kitu. Wamachinga wengi wamehamishiwa kwenye soko lao la Bahi Road. Soko la Job Ndugai, lililopewa jina la aliyekuwa Spika wa Bunge, liko Nzuguni jirani na stendi kuu, na linawafaa zaidi wanaonunua kwa wingi.

7. Kila mtu ananiambia nisiende Chang'ombe. Kweli pabaya?

Chang'ombe ni mtaa uliokua bila kupimwa, wa watu waliojenga mji huu kwa mikono yao: mafundi uashi, mama lishe, waendesha bodaboda, wafanyakazi wa ndani. Njia ni nyembamba, nyumba zimebanana, na kiwanja kimoja kinaweza kuwa na milango sita. Anayesema “usiende” mara nyingi hajawahi kuingia.

Nenda mchana. Ingia kwa shughuli, iwe kunywa uji, kunyoa au kushona nguo, badala ya kuzunguka ukitazama nyumba za watu. Tangulia na shikamoo. Simu iweke mfukoni, kama ambavyo ungefanya Sabasaba au kwenye soko lolote la Tanzania. Usiku mgeni asiye na mwenyeji asitembee peke yake vichochoroni, na shauri hilo ningempa mtu wa Area D pia, kwa sababu huko usiku barabara ni tupu na hakuna wa kumwita.

8. Kikuyu kuna nini?

Kuna shule, chuo na utulivu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza mwaka 2007 kwenye majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, shule yenye jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi, kiongozi mkubwa wa Wagogo enzi za ukoloni. Wazee waliosoma Mazengo bado hupita pale kutazama miti yao. Kikuyu pia ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kujengwa kwa mpango wa makao makuu mapya, kwa hiyo ukitaka kuona nyumba za kipindi kile, anzia hapa. Vyumba vya wanafunzi ni vingi na chakula ni cha bei ya mwanafunzi.

## Mitaa iliyopangwa, na ile inayoota sasa

9. Area A, Area C, Area D: kuna tofauti, au ni herufi tu?

Herufi zilitoka kwenye michoro ya mipango miji zikabaki kuwa majina. Area C na Area D zinajulikana zaidi. Ni mitaa ya barabara zilizonyooka, nyumba zenye uzio, ofisi za mashirika, hoteli ndogo na migahawa ya jioni. Wabunge na maofisa wengi wamepita huko. Ni maeneo mazuri ya kutembea saa kumi na moja jioni, jua likigonga mawe ya mlima wa Mlimwa. Ila usitarajie mtaa wenye maisha ya barazani, maana watu wako ndani ya mageti. Ukitaka baraza, rudi Majengo.

10. Kisasa, Ilazo, Ipagala na Nzuguni, hizi nazo zikoje?

Hizi ndizo zilizopokea wimbi la kuhamia Dodoma. Julai 2016 Serikali ilitangaza kuhama, Waziri Mkuu akatangulia Septemba mwaka huohuo, na ndani ya miaka michache mashamba yakawa mitaa. Kisasa ilikuwa na nyumba za watumishi tangu kabla ya wimbi hilo, ndiyo maana ina maduka na shule zilizokomaa. Ilazo na Ipagala ni nyumba mpya, vioo vingi, baa nyingi, na barabara za ndani ambazo nyingine ni mchanga mtupu. Nzuguni ni kubwa na imechanganyika: kuna stendi, soko, viwanja vya maonyesho ya Nanenane ambavyo Agosti hujaa watu kutoka nchi nzima, na nyuma ya hayo yote kuna familia za Kigogo zenye mifugo.

11. Mtumba ni mji wa kutembelea, au ni wa kikazi tu?

Ni wa kikazi. Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa tarehe 13 Aprili 2019 na uko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji. Wizara zilianza na majengo ya chini, sasa yamesimama maghorofa. Ukiwa na shida ofisini, fika asubuhi, beba kitambulisho, na piga simu kabla ya safari kuuliza ofisi unayoitaka iko jengo gani, kwa sababu baadhi ya ofisi zimewahi kuhama zaidi ya mara moja. Ukimaliza, vuka uende kijiji cha Mtumba chenyewe ukale chakula cha mchana kwa mama lishe. Kijiji kipo, na wenyeji wake wameishi na mabadiliko haya kwa uvumilivu ambao wageni hatuusemi vya kutosha.

12. Upande wa UDOM kukoje kwa asiye mwanafunzi?

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kimekaa kwenye vilima vya kusini mashariki, na ukubwa wake unashangaza hata waliozoea vyuo vikubwa. Kutoka ndaki moja hadi nyingine unahitaji usafiri. Ukumbi wa Chimwaga, uliokuwa wa mikutano mikuu ya CCM kabla ya chuo, uko humo. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo iko huko, na wengi hufika upande huu kwa sababu yake. Chini yake Ng'hong'hona na Iyumbu zimejaa hosteli. Mandhari ya jioni kutoka vilimani, taa za mji zikianza kuwaka, ni kati ya mazuri kabisa ya Dodoma.

## Kupanga, maji na viwanja

13. Nimehamishiwa Dodoma. Nipange wapi?

Swali la kwanza si kodi, ni utaripoti wapi. Anayefanya kazi Mtumba akipanga Nkuhungu atavuka mji mzima kila siku, asubuhi na jioni. Kwa Mtumba, tazama Ihumwa, Nzuguni na Kisasa. Kwa Bunge na ofisi za mjini, tazama Makole, Area C, Area D, Ipagala au Kikuyu. Kwa UDOM, tazama Iyumbu, Ng'hong'hona au Dodoma Makulu. Mwenye biashara sokoni na bajeti ndogo atapata vyumba Chang'ombe, Chamwino ya mjini na Nkuhungu.

Dalali utamkuta tu, na wengi ni watu waaminifu wanaojua mtaa wao kuliko ramani. Kubaliana naye malipo yake kabla hujatoka kwenda kuona nyumba. Usitoe kodi kabla hujaonana na mwenye nyumba au mtu ambaye serikali ya mtaa inamtambua. Uliza mita ya Luku ni ya peke yako au mnachangia. Na nenda ukaione nyumba mara ya pili, saa za usiku, usikie jirani ni baa au ni kanisa la mkesha.

14. Maji yanatoka kila siku?

Si kila mtaa, wala si kila siku. Dodoma haina mto wa kudumu wa kuitosheleza, na kwa miaka mingi imetegemea visima vya bonde la Mzakwe, upande wa Makutupora. Mji ulipokua ghafla visima havikukua kwa kasi ileile, kwa hiyo DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, hutoa maji kwa mgao katika mitaa mingi. Visima vipya, vikiwemo vya Nzuguni, vimesaidia. Ukienda kuona nyumba, muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba: maji yanatoka siku zipi, saa ngapi, na tenki lina lita ngapi. Nyumba nzuri isiyo na tenki itakuchosha ndani ya mwezi.

15. Naambiwa kuna viwanja vya bei nafuu Nala, Veyula, Mkonze. Ninunue?

Unaweza, ila kwa hatua. Fika mwenyewe. Ulizia kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani. Kisha peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi ya Jiji wakuthibitishie kimepimwa, kina matumizi gani, na mmiliki ni nani. Migogoro mingi ya ardhi hapa ilizaliwa kipindi cha CDA, pale shamba la familia lilipopimwa na kugawiwa mtu mwingine, na vidonda vingine havijapona. Usikubali kuambiwa “hilo limeisha.” Likiisha, kuna karatasi.

Hati za zamani za CDA zilikuwa za miaka 33, na baada ya mamlaka kuvunjwa zikawekewa utaratibu wa kubadilishwa kuwa za miaka 99. Ukiuziwa nyumba yenye hati ya zamani, uliza kama ilibadilishwa.

Tazama pia ardhi wakati wa mvua. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Januari ndipo korongo linapokuonyesha njia yake, na maeneo tambarare kama Nkuhungu maji husimama.

16. Kwa nini nimekosa chumba cha hoteli wakati mji hauna sherehe yoyote?

Angalia kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na kipindi hicho wabunge, maofisa, waandishi na wageni wao hujaza nyumba za kulala wageni za mjini. Bei nazo hupanda. Weka nafasi mapema au tafuta Kisasa, Nzuguni na Miyuji. Wanaotafuta vyumba vya wanafunzi nao wana msimu wao, pale vyuo vinapofunguliwa.

## Kutoka na kula

17. Zabibu naziona wapi shambani?

Mashamba yako ndani ya jiji lenyewe: Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Zuzu, Hombolo, na Makutupora penye kituo cha utafiti. Mzabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, jambo lisilowezekana nchi zenye baridi kali. Mkulima mdogo wa eka moja atakupokea vizuri ukitangulizwa na mtu anayemjua. Nunua kwake. Usichume na kuonja bila ruhusa, huo ndio mtaji wake. Hombolo unaweza kuunganisha na bwawa, lililojengwa miaka ya 1950.

18. Mnada wa Msalato ni siku gani, na unakwendaje?

Jumamosi. Panda daladala za njia ya Arusha, shukia Msalato, fuata watu. Asubuhi ni biashara ya mifugo: wafugaji na fimbo zao, mbuzi waliofungwa miguu, wanunuzi wanaobonyeza mgongo wa mnyama kabla ya kutaja bei. Kuanzia saa sita moshi unazidi, na hapo ndipo watu wa mjini humiminika.

Nyama huinunui ikiwa sahani. Unachagua kipande kikiwa kibichi kinaninginia, kinapimwa mbele yako, mchomaji anakichukua na wewe unakaa. Kumbuka sura yake, kwa sababu baada ya nusu saa wachomaji kumi watakuwa wamevaa moshi uleule. Kinaletwa kwenye ubao, kinakatwa mbele yako, chumvi na pilipili pembeni, ndizi au ugali ukitaka. Mbuzi wa Dodoma hula miti na magugu ya nchi kavu, na kwa ulimi wangu hakuna mbuzi wa sehemu nyingine nchini anayemfikia. Nenda na noti ndogo, viatu vya kufunika, na kofia. Jua la Msalato halina kivuli cha kutosha watu wote.

19. Nina Jumamosi moja tu. Nifanye nini?

Saa mbili asubuhi Majengo (swali la 6). Saa nne tembea Uhindini hadi stesheni ya zamani (swali la 5). Saa sita panda kwenda Msalato (swali la 18). Saa kumi na moja uwe umerudi Nyerere Square au Area D. Ukiwa na watoto, badilisha Msalato kwa bustani ya Chinangali, ile ya mjini.

20. Msimu gani ni mzuri, na nibebe nguo gani?

Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hata hiyo hukatika wiki nzima. Machi nchi ni kijani na mtama umesimama. Juni na Julai usiku ni baridi kweli, mji uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta hata kama mchana ulikuwa wa jua. Agosti na Septemba upepo huja na vumbi, na mwenye pumu au macho mepesi ajiandae. Oktoba na Novemba ni joto kavu.

## Mambo yanayoleta utata

21. Naruhusiwa kupiga picha?

Mitaani na sokoni, omba kwanza, hasa kwa wazee na wauzaji. Ikulu, kambi, vituo vya polisi, maeneo ya Bunge na majengo ya Serikali yenye ulinzi, usielekeze kamera bila ruhusa, hata kwa simu. Ukitaka kuingia Bunge kutazama kikao, omba kupitia mbunge wako au ofisi ya Bunge, uvae nguo za heshima.

22. Kuna haja ya kujua Kigogo?

Kiswahili kinakutosha kila mtaa. Lakini ukienda Ntyuka, Zuzu au Hombolo na kumwamkia mzee “mbukwenyi,” utaona uso unavyofunguka. Mwenye bahati ya kualikwa kwenye ngoma ya muheme, inayopigwa na wanawake, asikose.

23. Mtaa wangu hauonekani vizuri kwenye ramani ya simu. Nimwelekezeje dereva?

Kwa mfuatano huu: barabara kuu (swali la 2), kata, kituo cha daladala kilicho karibu, kisha alama ambayo haihami, kama shule, msikiti, kanisa au ofisi ya mtaa. Usitumie duka wala baa kuwa alama, zinabadilika jina. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba na barabara nyingi za ndani zimewekewa nguzo za majina. Soma cha kwako, kiandike kwenye simu, maana gari la wagonjwa au la zimamoto likiitwa usiku ndicho kitakachoulizwa. Kama nyumba yako haina kibao, nenda ofisi ya serikali ya mtaa umwone mtendaji.